Msaada wakuu: nahamia Raspberry Pi 5, diski ya bakapu niichomoe vipi?

Ndimu_Chungu: Habari zenu wakuu. Nina Raspberry Pi 3, kale kakompyuta kadogo ka bodi moja, iko juu ya kabati mwaka wa tatu huu. Kazi yake moja tu, kupokea bakapu za laptop mbili za nyumbani na kuziweka kwenye eksteno (diski ya nje) ya TB 1 iliyofungwa kwa LUKS, mfumo wa Linux wa kufunga diski kwa ufunguo. Haili umeme, haina kelele. Sasa Pi 5 niliyoagiza inafika kesho. Nikizima hii, nikachomoa diski na kuichomeka kwenye mpya, kuna cha kuangalia? Kasi sina shida nayo, hii inanipa MB 100 kwa sekunde. Naomba majibu ya haraka, sijalala.

FundiWaya: Umechagua vizuri. Hadi Pi 4 prosesa zao hazikuwa na maelekezo ya AES (njia ya kusimba data), usimbaji wote ulifanywa na programu, polepole. Ndiyo sababu Google walitoa Adiantum, njia nyepesi ya kusimba, mwaka 2019 kwa vifaa vya namna hiyo. Pi 5 inayo AES ndani. Ila adapta iwe ya volti 5 ampea 5. Ukiweka ya simu itaubana umeme wa USB, na eksteno isiyo na waya wake wa umeme itakuwa inajizima.

Babu_wa_Zamu: Mimi adapta iliniua kabisa. Miezi miwili nalaumu diski, nikabadilisha kebo, nikafomati mara mbili, mke ananiangalia tu. Kumbe kale kaalama ka radi kwenye kona ya skrini kalikuwa kananiambia umeme hautoshi. Vijana someni alama.

Mama_Pacha: Kuhamisha diski hakumnyimi mtu usingizi. Neno la siri unalo?

Ndimu_Chungu: Diski inajifungua yenyewe mashine ikiwaka.

Mama_Pacha: Sikuuliza hivyo.

Kinyonga: Naweka kambi hapa 😂

Ndimu_Chungu: Sawa. Sikuweka neno la siri. Niliweka faili la ufunguo kwenye memori kadi ya Pi ili umeme ukirudi diski ijifungue bila mimi kuwepo. Wiki iliyopita nikasoma kwamba ufunguo haukai pamoja na kufuli, nikalifuta. Nilijua nakala ninayo kwenye flashi. Jana nimefungua flashi, faili lipo, jina ni lile lile, ukubwa baiti 0. Lakini diski bado iko wazi, mafaili yanasomeka, ndiyo nikawaza nikiichomoa na kuichomeka harakaharaka kwenye Pi 5…

Mama_Pacha: USIZIME. Usichomoe wala usirestati. Diski iko wazi kwa sababu ufunguo mkuu umo kwenye ramu. Umeme ukikatika sekunde moja, umekwisha. Tafuta diski nyingine, nakili kila kitu leo hii, maswali ya Pi 5 baadaye.

Kinyonga: Si aongeze tu neno la siri? LUKS2, toleo la pili la LUKS, ina nafasi za funguo hadi 32.

FundiWaya: Amri ya kuongeza ufunguo inadai kwanza ufunguo uliopo. Na asije mtu akamwambia ahifadhi nakala ya hedi, ile sehemu ya mwanzo ya diski inayotunza nafasi za funguo. Hedi bila ufunguo ni kufuli lile lile, mara mbili.

Ndimu_Chungu: Sikukosea kutumia faili, watu wengi wanafanya hivyo. Na Pi 5 nishailipia. Shida ni picha, kwenye laptop nilishazitoa ili nipate nafasi.

Babu_wa_Zamu: Basi mwanangu hiyo si bakapu. Hizo ndizo picha zenyewe, umezihamishia juu ya kabati.

Msema_Pweke: Wakuu mnanyweshwa chai. Pi 3 ina USB 2.0, megabiti 480, hata kwenye karatasi ni MB 60. Hizo MB 100 kazitoa wapi? Halafu mtu yuko ndani ya mashine, ufunguo hana, anataka data itoke upesi. Mimi naona mashine si yake, anawahi kabla mwenyewe hajarudi.

Kinyonga: Eeh! Uzi umenoga.

Mama_Pacha: Sikuwa nimeliwaza hilo. Mleta mada, jibu.

Ndimu_Chungu: Nimeitwa mjinga nikanyamaza, sasa naitwa mwizi? 100 niliiona kwenye mipangilio ya mtandao.

FundiWaya: Hapo namwelewa. Tundu la mtandao la Pi 3 ni megabiti 100, sawa na MB 12 hivi. Kachanganya biti na baiti. Mwizi angekuwa amesoma zaidi.

Msema_Pweke: Au amesoma jibu lako. Haya, mimi nimesema.

Babu_wa_Zamu: Kuna jamaa yangu aliwahi kuuziwa diski yenye data za watu…

Mama_Pacha: Babu, fungua uzi wako.

Ndimu_Chungu: Nimeazima diski. GB 210 kati ya 340 zimeshatoka. Inakwenda MB 15 kwa sekunde, naambiwa ni kwa kuwa diski zote mbili zinagawana njia moja ya USB. Nimekaa mlangoni mtu asiguse swichi. Ila naomba kuuliza, kwenye Pi 5 nikiweka tena faili la ufunguo, safari hii kwenye flashi mbili, si itakuwa salama? Kuandika neno la siri kila ikiwaka sitaweza.

Mama_Pacha: Weka faili, na neno la siri pia uliandike kwenye karatasi. Kalamu unayo?

Ndimu_Chungu: Iko chumba cha pili. Siwezi kuondoka hapa.