Mjadala: Larry Holmes alinyimwa heshima yake, au alipata anachostahili?

Mleta mada

Wakuu, kila inapotoka orodha ya mabondia bora wa uzito wa juu wa muda wote, majina ya juu ni yale yale: Muhammad Ali, Joe Louis, kisha Marciano, Foreman, Tyson na Frazier wanapokezana nafasi. Larry Holmes utamkuta huko chini, na kuna orodha ambazo hayumo kabisa. Kwangu mimi Holmes ni wa tatu, nyuma ya Ali na Louis. Asiyekubali aje, ila aje na mapambano, asije na majina makubwa matupu.

Mkanda wa WBC, yaani ubingwa wa mojawapo ya vyama vya ngumi vya dunia, aliuchukua tarehe 9 Juni 1978 jijini Las Vegas, kutoka kwa Ken Norton, yule yule aliyemvunja taya Ali mwaka 1973. Holmes alipanda ulingoni mkono wa kushoto ukiwa umeumia kambini siku chache kabla, na mkono huo ndio uliokuwa silaha yake. Pambano lilikwenda raundi zote 15. Majaji wawili walimpa Holmes 143 kwa 142, wa tatu akampa Norton kwa tofauti hiyo hiyo. Raundi ya 15 ndiyo iliyoamua, na mpaka leo ni miongoni mwa raundi za mwisho kali kuliko zote katika uzito huu. Wanaume wawili waliochoka kabisa, na hakuna aliyerudi nyuma.

Kuanzia hapo alikaa bingwa zaidi ya miaka saba na kwa hesabu ya kawaida akatetea ubingwa mara 20. Katika historia ya uzito wa juu, Joe Louis peke yake ndiye aliyetetea mara nyingi zaidi mfululizo, mara 25. Utetezi wa kwanza nane wa Holmes wote uliisha kabla ya muda, hakuna hata mmoja uliofika kwa majaji. Tafuteni bingwa mwingine wa enzi zile aliyefanya hivyo.

Sasa niseme kinachonifanya nimpende kuliko takwimu zote hizo. Tarehe 28 Septemba 1979 alirudiana na Earnie Shavers, mtu ambaye mabondia wengi waliopigana naye walimtaja kuwa ndiye mwenye ngumi nzito kuliko wote waliokutana nao. Raundi ya saba Shavers akamfikisha mkono wa kulia usoni na Holmes akaanguka chali. Itazameni video hiyo. Ni anguko la mtu ambaye usiku wake umekwisha. Lakini aliinuka, akavumilia raundi ile mpaka kengele, akarudi kwenye jabu yake, ile ngumi ya haraka iliyonyooka ya mkono wa mbele, na raundi ya 11 Shavers ndiye aliyesimamishwa na mwamuzi. Novemba 1981 Renaldo Snipes naye alimwangusha katika raundi ya saba, naye pia akamalizwa raundi ya 11. Watu humsifu kwa jabu, na kweli jabu ile sijaona ya kuilinganisha nayo katika uzito wa juu: ilitoka chini, haikuonyesha dalili, na ilikuwa na uzito wa kumrudisha mtu nyuma. Ila moyo wake hausemwi vya kutosha.

Kwa nini basi hakupendwa? Naona sababu kubwa ni tarehe 2 Oktoba 1980. Ali alikuwa na miaka 38, amekaa nje ya ulingo miaka miwili, na mtu aliyewekwa mbele yake ni kijana aliyewahi kuwa mwenzake wa mazoezi kambini. Holmes alishinda kila raundi kwenye kadi zote tatu za majaji. Katikati ya pambano alikuwa akimtazama mwamuzi, akitaka alisimamishe. Kona ya Ali, yaani wasaidizi wake, ndiyo iliyokatisha baada ya raundi ya 10. Dunia haikumwona bondia aliyefikia kilele chake usiku ule. Ilimwona mtu aliyempiga Ali. Hakuna alichoweza kufanya: angeshinda kwa upole angeitwa dhaifu, angeshinda kwa ukali angeitwa katili.

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada umeandika vizuri, ila umeruka mambo mengi kwa makusudi. Nitakukumbusha.

Moja, enzi za Holmes kulikuwa na mkanda wa pili wa dunia, wa chama kingine, WBA. Umepita mikononi mwa John Tate, Mike Weaver, Michael Dokes, Gerrie Coetzee na Greg Page wakati yeye ni bingwa, na hakupigana na hata mmoja wao akiwa ameushika. Pambano la kuunganisha mikanda na Coetzee lilipangwa mwaka 1984, likafa kwa sababu ya fedha. Louis alikuwa bingwa wa dunia nzima. Holmes alikuwa bingwa wa nusu.

Halafu marudiano. Tim Witherspoon, Mei 1983, alikuwa na mapambano 15 tu ya kulipwa na bado majaji waligawanyika. Wako waliotazama na kuona kijana ndiye aliyeshinda. Marudiano hayakuwepo. Badala yake, Novemba mwaka ule ule Holmes akapigana na Marvis Frazier, mtoto wa Joe, mwenye mapambano 10 tu, na akamaliza raundi ya kwanza. WBC yenyewe ilikataa kulitambua kuwa pambano la ubingwa. Bingwa wa tatu wa historia hafanyi biashara ya namna hiyo.

Na Carl Williams, Mei 1985? Pale nilimwona Holmes mzee, mwenye jicho lililovimba, akipewa zawadi na majaji.

Mleta mada

Mkuu, kuhusu Marvis Frazier sina utetezi. Lilikuwa pambano la kuchukua fedha na halikupaswa kufanyika. La Witherspoon nakubali lilikuwa jembamba, mimi nilimpa Holmes ushindi kwa raundi moja, na marudiano yalistahili.

Ila hoja yako ya WBA ina tundu, na ndipo ninapotaka tukae kidogo. Unasema hakukutana na mabingwa wa upande ule. Mike Weaver alipochukua mkanda wa WBA Machi 1980, Holmes alikuwa amekwisha kumsimamisha raundi ya 12, Madison Square Garden, Juni 1979. Witherspoon akaja kuwa bingwa wa WBC mwaka 1984, kisha wa WBA mwaka 1986. Trevor Berbick, ambaye Holmes alimshinda kwa pointi Aprili 1981, akawa bingwa wa WBC mwaka 1986. James Smith, aliyesimamishwa na Holmes raundi ya 12 Novemba 1984, akawa bingwa wa WBA Desemba 1986. Watu wanne waliopoteza kwake walikuja kuvaa mikanda.

Sasa jiulize Mike Tyson alipata wapi mikanda yake miwili ya kwanza. Wa WBC kutoka kwa Berbick, Novemba 1986. Wa WBA kutoka kwa Smith, Machi 1987. Tyson anasifiwa kwa kuwashinda na Holmes anaambiwa alipigana na watu dhaifu. Ni watu wale wale! Nakubali mtu anaweza kuimarika au kushuka kiwango ndani ya miaka miwili au mitano, ila ukitumia kipimo kwa mmoja, kitumie na kwa mwingine.

Mchangiaji wa pili

Mbona hakuna aliyemtaja Gerry Cooney? Walipopigana tarehe 11 Juni 1982, Holmes alikuwa bingwa ambaye hajawahi kushindwa, lakini aliyewekwa kwenye jalada la jarida la Time, pamoja na mwigizaji Sylvester Stallone, ni Cooney. Kwa desturi ya ulingo bingwa hutambulishwa mwisho. Usiku ule bingwa alitambulishwa kwanza. Cooney alikuwa mzungu, na pambano liliuzwa kwa rangi ya ngozi tangu siku ya kwanza.

Holmes alimwangusha raundi ya pili na kummaliza ya 13. Cooney alikatwa pointi tatu kwa kupiga chini ya mkanda, na bila makato hayo majaji wawili kati ya watatu wangekuwa wamemweka mbele wakati pambano linasimamishwa. Mimi nilitazama raundi zile tena na tena, sioni Cooney alipata wapi ushindi huo. Kama Holmes asingemmaliza, pengine angeporwa. Mtu anayepigana katika mazingira hayo, halafu anashinda, anaambiwa hana mvuto.

Mchangiaji wa tatu

Mimi nimezaliwa nikawakuta wazee wangu wanabishana hivi hivi, kwa hiyo niseme langu. Tatizo la Holmes lilikuwa mdomo.

Alifika 48 bila kushindwa, pambano moja tu kuifikia 49 ya Rocky Marciano. Tarehe aliyopigana na Michael Spinks, 21 Septemba 1985, ilitimiza miaka 30 kamili tangu Marciano apigane pambano lake la mwisho, dhidi ya Archie Moore. Peter, ndugu wa Marciano, alikuwepo. Holmes akashindwa kwa pointi, kisha mbele ya waandishi akasema Marciano asingefaa hata kumbebea nguo yake ya ndani. Marehemu alikuwa amekufa kwa ajali ya ndege tangu 1969, hawezi kujibu, na nduguye amekaa pale. Aliomba radhi baadaye, sawa. Lakini heshima unayotaka apewe, alikuwa ameimwaga mwenyewe.

Mleta mada

Mzee wangu, shikamoo. Kauli ile ilikuwa mbaya na siwezi kuipamba. Ila tunajadili ubora wa bondia, na kauli ya dakika moja isifute miaka saba.

Na Marciano mwenyewe tumtazame kwa macho yale yale. Nampa heshima zote, 49 kwa 49, watu 43 kati yao hawakumaliza. Lakini alitetea ubingwa mara sita tu. Jersey Joe Walcott alikuwa na miaka 38 alipopoteza mkanda kwake. Joe Louis alikuwa na miaka 37 mwaka 1951. Nani aliyewahi kumwambia Marciano kwamba aliwapiga wazee? Holmes anaambiwa hivyo kila siku kwa ajili ya Ali.

Kuhusu Spinks, tusimdharau. Alikuwa bingwa asiyepingika wa uzito wa juu mwepesi na ndiye wa kwanza kupanda kutoka huko akiwa bado bingwa na kuuchukua ubingwa wa uzito wa juu. Pambano la kwanza nakubali Spinks alishinda. La marudiano, tarehe 19 Aprili 1986, sikubali. Majaji waligawanyika, na wengi waliolitazama waliona Holmes ameshinda. Laiti kadi zingekwenda upande wake usiku ule, leo tungekuwa tunamzungumza kama mtu aliyepoteza taji na kulirudisha akiwa na miaka 36.

Wanaotaja KO ya Tyson, Januari 1988, wakumbuke kwamba Holmes alikuwa na miaka 38 na hajapigana tangu Spinks, karibu miaka miwili. Alianguka mara tatu katika raundi ya nne. Ndiyo mara pekee aliyosimamishwa katika mapambano 75. Na miaka minne baadaye, Februari 1992, akiwa na miaka 42, alimpa Ray Mercer somo la raundi 12. Mercer alikuwa mshindi wa dhahabu ya Olimpiki ya 1988, kijana, mwenye nguvu, hajashindwa. Holmes aliegemea kona, akamwita aje, akampiga jabu na ngumi ya mkono wa kulia ya kujibu. Juni mwaka huo huo akaenda raundi zote 12 na Evander Holyfield, bingwa wa dunia. Aliingizwa kwenye Jumba la Mashuhuri la Ngumi mwaka 2008, akiwa na ushindi 69 na vipigo sita.

Anayenisumbua kwenye nafasi ya tatu, niseme ukweli, si Marciano wala Tyson. Ni George Foreman. Alimmaliza Joe Frazier raundi mbili, akammaliza Norton raundi mbili, huyo Norton aliyempa Holmes kazi ya raundi 15. Halafu akarudi mwaka 1994 na kumlaza Michael Moorer akiwa na miaka 45. Upande wa pili, katika utawala wake wa kwanza alitetea mkanda mara mbili tu kabla Ali hajauchukua. Mimi bado naweka miaka saba ya Holmes mbele ya usiku mikubwa mitatu ya Foreman. Mwenye kuona Foreman apite, nataka anieleze Foreman wa 1974 angeipitaje jabu ile baada ya raundi ya sita, wakati tuliona Kinshasa, dhidi ya Ali, alivyokuwa amechoka ilipofika ya nane.