Neno "bride" asili yake bi harusi, mkaza mwana au mpishi?

Wakuu, kuna hoja inazunguka sana kwamba bride ya Kiingereza asili yake ni mpishi, eti mzizi wake ni mmoja na brew na broth, yaani mwanamke aliolewa akachemshe supu ukweni. Mi nakataa. Huo mzizi wa kuchemsha ni makisio, watu wameona sauti zinafanana wakaunganisha, lakini hakuna andiko la kale neno hilo likamaanisha mpishi.

Twende kwenye maandishi. Kiingereza cha kale kina bryd, Kijerumani cha kale brut, wote bi harusi. Ila andiko refu la zamani kuliko hayo ni Biblia ya Kigothi, lugha ya kale iliyo ndugu ya Kiingereza na Kijerumani, aliitafsiri askofu Wulfila karne ya 4, nakala yake maarufu iko Uppsala kule Sweden, wino wa fedha na dhahabu kwenye ngozi ya zambarau. Fungua Mathayo 10:35, pale Yesu anaposema amekuja kumgombanisha mtu na mama mkwe wake, huyo mtu Wulfila kamwita bruth. Mkaza mwana kabisa, siyo bi harusi wa shela na keki! Mi naona neno lilianzia ukweni, huyu aliyeletwa na kijana wetu, baadaye ndo likabanwa likabaki la siku ya harusi.

— Mkuu hapo umeruka kitu. Kigiriki alichokuwa anatafsiri kina nymphe, na Wagiriki hilo moja wanamwita bi harusi na mkaza mwana pia, kwa hiyo Wulfila inawezekana kafuata tu. Halafu Mathayo 9:15 huyohuyo anamwita bwana harusi bruthfaths, yaani bwana wa bruth, sasa huyo ni bwana wa mkaza mwana wa nani? Tena mkaza mwana alikuwa na neno lake la zamani zaidi, Kiingereza cha kale snoru, ndugu yake nurus ya Kilatini.

— Snoru sibishi. Lakini Kilatini cha mwishoni kilichukua neno hilohilo toka jamii ya lugha za Kijerumani likawa brutis, maana yake mkaza mwana, na Wafaransa wanalo mpaka leo, bru, mke wa mwanao. Hao hawakuwa wanatafsiri nymphe ya mtu, walilisikia likisemwa na majirani zao. Hebu nijibu hilo la bru kwanza ndo turudi kwa bwana harusi.