Nimeshinda mnada wa lori la jeshi lililoko Barstow: je, niliendeshe hadi Amarillo?

Dereva_wa_Amarillo:
Ndugu zangu, nawasalimu. Nimeshinda mnada wa mtandaoni wa lori la jeshi la Marekani aina ya M35A2, lile la magurudumu kumi ambalo wenyewe huliita la tani mbili na nusu kwa mzigo linaobeba. Limesimama uwanjani Barstow, California, nami naishi Amarillo, Texas, umbali wa takriban kilomita 1,550 kwa barabara kuu ya I-40. Nina leseni ya daraja A na nimeendesha matrela kwa miaka tisa, kwa hiyo ukubwa wake haunitishi. Maelezo ya mnada yanasema kwamba injini huwaka na gari hutembea, lakini kuhusu breki hayasemi lolote. Je, niende na vifaa vyangu, nilikague na kuondoka nalo, au nilipie trela la kulibeba, ambalo gharama yake inakaribia nusu ya bei niliyonunulia? Pia, mdogo wangu aliyeko Eldoret ananishawishi kwamba baada ya mwaka mmoja nilisafirishe Kenya likabebe mahindi. Naomba ushauri wa aliyewahi kuyapitia haya.

Utingo_Mstaafu:
Hiyo miaka yako tisa ya matrela, kaka, ndiyo inayonitia wasiwasi. Katika trela ulilolizoea, upepo wa breki ukiisha, springi hufunga magurudumu zenyewe na gari husimama hata kama dereva hakutaka. M35A2 haliko hivyo. Upepo wake haufiki magurudumuni kabisa; kazi yake ni kuusaidia mguu wako kusukuma mafuta ya breki, na mafuta hayo hutoka katika masta silinda (pampu kuu ya breki) moja iliyo chini ya sakafu ya dereva, yakapita katika njia moja inayohudumia magurudumu yote. Mpira mmoja wa kupitishia mafuta hayo ukipasuka, au silinda ya gurudumu moja ikianza kuvuja, pedali huzama hadi chini, na hapo unabaki na gia na breki ya mkono tu. Breki hiyo ya mkono nayo hushika shafti ya propela na imewekwa kwa ajili ya kuegesha, kwa hiyo ukiivuta gari likiwa kwenye mwendo utaiunguza kabla lori halijasimama.

Mimi yalinikuta kilomita tatu tu kutoka uwanja nilikolichukulia langu. Nilikuwa nimekagua kila kitu kwa macho, nikaukanyaga mguu wa breki mara ishirini uwanjani na ukashika vizuri, kisha kwenye taa za kwanza ukazama. Nilipanda tuta la majani kando ya barabara, nikazima injini kwa kuvuta mkono wa kukata mafuta (hakuna ufunguo wa kuizima, ulijue hilo mapema), nikakaa pale nikitetemeka. Mpira wa breki wa ekseli ya mbele, ambao kwa nje ulionekana mzima, ulikuwa umeoza ndani.

Sasa itazame njia yako. Kutoka Barstow, baada ya saa tatu hivi za mwendo, utaanza mteremko mrefu wa kushukia Needles, kwenye Mto Colorado, na lori hilo halina breki ya injini. Ukiliachia lichanganye, injini itapita mizunguko 2,600 kwa dakika, ambao ndio mwisho wake. Ukilizuia kwa mguu, unaziegemea silinda za breki ambazo huenda hazijafanya kazi kwa miaka mingi. Baada ya Needles utapanda hadi Flagstaff, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ukiwa na injini ya nguvu farasi zipatazo 130, huku magari mengine yakikupita kwa kilomita 120 kwa saa. Lako halizidi 90, na binafsi sipendi kulipeleka zaidi ya 80.

Kama ni lazima uliendeshe, basi ubadilishe kwanza mipira yote ya breki, masta silinda na silinda za magurudumu, na ujue ni mafuta gani ya breki yaliyomo. Katika miaka ya 1980 jeshi lilihamia mafuta ya silikoni, ambayo hayachanganywi na yale ya kawaida ya dukani. Kazi hiyo si ya kufanyia kwenye uwanja wa mnada chini ya jua la jangwa la Mojave.

Binti_Makanika:
Nakubaliana na mzee, nami naongeza habari za matairi. Soma tarakimu nne za mwisho pembeni mwa kila tairi, ambazo ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Ukikuta tatu tu, tairi ni la kabla ya mwaka 2000, na kashata zake (meno ya tairi) nzuri zisikudanganye. Ringi za lori hili zina pete ya kufungia, ambayo ikifyatuka wakati wa kujaza upepo inaweza kumuua mtu, hivyo usikubali tairi lijazwe nje ya kizimba cha chuma. Nati za magurudumu ya upande wa kushoto zimekatwa kinyume, na nimeona vijana wenye nguvu wakikata boliti kwa kutolijua hilo. Umeme wake ni wa volti 24, kwa hiyo usilishtue kwa betri ya gari dogo, wala usiunganishe chaja ya simu bila kifaa cha kupunguza.

Karani_wa_Bandari:
Kabla ya yote hayo, kaka, je, fomu SF 97, ile ya serikali ya Marekani ya kuombea hati ya umiliki, umeipata? Bila hiyo, idara ya magari ya jimbo lako haina msingi wa kukupa hati ya umiliki. Ikifika, linganisha namba ya chasisi na ile iliyo kwenye kibati cha gari, na uangalie kama haikuandikwa kwamba gari ni la nje ya barabara tu.

Habari ya Eldoret umwambie mdogo wako aisahau. Kenya haipokei gari lililotumika ambalo limepita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na usukani wa kushoto ni kizuizi kingine. Zaidi ya hayo, kulitoa Marekani gari lililoundwa kwa ajili ya jeshi kuna sheria zake za vibali, ambazo mnunuzi wa lori moja hafai kuzichezea.

Dereva_wa_Amarillo:
Nawashukuru sana. Fomu bado sijaipata, na nitaisubiri. Habari ya upepo kutofika magurudumuni sikuwa naijua kabisa.

Utingo_Mstaafu:
Wewe ni dereva wa matrela. Watafute wenzako wanaorudi Texas na trela bapa tupu, watakubebea kwa bei ya kirafiki. Lori tupu lina uzito wa tani sita hivi. Wasipatwe na hofu ya kimo, kwa kuwa ukivua turubai na vyuma vyake, ukalaza kioo cha mbele juu ya boneti, litabaki na zaidi kidogo ya mita mbili.

Dereva_wa_Amarillo:
Nimempata mmoja, ameniomba fedha ya dizeli na chakula tu. Breki nitazifumua nyumbani taratibu. Dada, zile nati za kushoto hufunguliwa kuelekea wapi?

Binti_Makanika:
Zungusha kama unavyokaza nati ya kawaida, yaani kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Angalia kwanza herufi L kwenye ncha ya boliti, kwa sababu magari haya yametengenezwa mara nyingi na huenda mtu alishabadilisha. Magurudumu ya nyuma yana nati mbili kwa kila boliti, moja ndani ya nyingine. Ukifungua ya nje, ya ndani isikupite.