Bomba la maji taka tunalotumia pamoja na jirani limeharibika: nani agharamie?

Ndugu zangu, ninaishi Utawala, Nairobi, katika kiwanja kilichogawanywa sehemu mbili kabla sijakinunua. Tangi la septiki liko kwangu, ila shimo la kufyonza maji liko upande wa jirani, na tangu mvua ya masika ianze maji meusi yanabubujika kwenye kifuniko kilicho karibu na mlango wa jikoni. Jirani anasema tangi ni langu, hivyo shida ni yangu. Je, ana haki?

Jibu la 1
Pole sana. Kabla ya kulaumiana, mwite fundi afunue bomba, kwa sababu udongo mweusi wa huko huvimba ukilowa na hauruhusu maji kupenya; huenda shimo ndilo lililokufa. Kuleta lori la kunyonya kila wiki ni kumwaga pesa.

Jibu la 2
Chunguza hati zenu zote mbili katika masjala ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inatambua haki ya kupitisha huduma kama mabomba katika ardhi ya mwingine, na masharti ya matengenezo huweza kuandikwa kwenye hati hizo. Kama hakuna kitu, andikianeni mkataba mbele ya wakili. Akikataa, afisa wa afya wa kaunti anaweza kutoa ilani chini ya Sheria ya Afya ya Umma, lakini tahadhari: ilani hiyo yaweza kukufikia wewe pia.

Muulizaji
Asanteni. Fundi anakuja Jumamosi, na jirani amekubali kusimama naye.