Naomba ushauri: maji machafu ya fosi septiki (shimo la maji ya choo na ya nyumbani) kuingia ziwani Kivu

Wandugu, jambo kwenu. Niko Goma, upande wa Keshero. Hapa ni mawe ya volkano. Kuchimba shimo refu ni shida, na maji ya fosi septiki hupenya kwenye nyufa mpaka ziwani. Pale pale watoto wanateka maji kwa bidoni, na kipindupindu hakijatuacha.

Nataka kujua kama uchafu ziwani unatoka kwenye fosi. Najua kipimo cha E. koli (bakteria wa kinyesi): maji ya kunywa hayatakiwi kuwa nayo hata moja katika mililita 100. Lakini hata mbuzi na ng'ombe wanayo, kwa hiyo hakionyeshi uchafu umetoka wapi. Njia nyingine ni kuzamisha pamba majini siku kadhaa, kisha kuimulika kwa taa ya urujuanimno: dawa ya kung'arisha nguo iliyo katika sabuni ya unga, inayoingia fosini na maji ya kufulia, inang'aa buluu. Kwetu mama zetu wanafua palepale ufukweni! Nitatofautishaje sabuni yao na ile ya fosi?

Nafikiria pia kumwaga fluoresini (rangi ya kijani inayong'aa) chooni, nione kama itatokea ziwani. Aliyewahi kuitumia kwenye mawe kama haya, inachukua muda gani kutokea? Na majirani niwaambie vipi wasiogope maji ya kijani?