Naomba ushauri: natamani kusimamia safari za wanaanga

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mhandisi wa umeme, mzaliwa wa Unguja, na kwa miaka minne nimefanya kazi za zamu katika chumba cha kuongozea mitambo, ambako taa nyekundu ikiwaka saa tisa usiku huna budi kuamua kabla mkubwa hajapokea simu. Kazi hiyo ndiyo iliyonitia hamu ya kusimamia safari za wanaanga. Marehemu babu alikuwa akinionyesha Tunguu, ambako Marekani ilikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya Mercury, mpango wake wa kwanza wa kupeleka watu angani, kikiwemo kile cha mwanaanga John Glenn mwaka 1962. Gene Kranz, aliyeongoza timu ya ardhini tangi la oksijeni la Apollo 13, chombo kilichokuwa kikielekea mwezini, lilipopasuka mwaka 1970, aliwahi kuwa rubani wa ndege za kivita, kwa hiyo naamini mlango si mmoja. Kikwazo changu ni uraia, kwani NASA, shirika la anga la Marekani, huajiri Wamarekani. Je, nisome shahada ya uzamili Ujerumani, ambako kituo cha Oberpfaffenhofen huendesha Columbus, maabara ya Ulaya iliyo kwenye Kituo cha Anga cha Kimataifa, au nianzie kwenye satelaiti? Mwenye uzoefu wa kazi hizi, tafadhali anielekeze.