Wasimamizi wa miradi Kigoma, acheni kujificha nyuma ya Agile!

Wakuu, nina hasira na sifichi.

Tuko kwenye mradi wa maji ya mserereko upande wa Kasulu. Mpango kazi ulisainiwa, michoro ikapitishwa, mkandarasi akaanza kuchimba. Akaletwa meneja mpya mwenye PMP, cheti cha usimamizi wa miradi, akatangaza kwamba mpango kazi ni mambo ya kizamani, sasa ni Agile, yaani kazi kwenda kwa vipande vifupi na mpango kubadilika njiani. Tangu hapo kila asubuhi tunasimamishwa mbele ya ubao wa vikaratasi vya rangi. Kikao cha kila siku cha Scrum, mojawapo ya mbinu za Agile, mwisho wake ni dakika 15. Chetu kinakula saa nzima, vibarua wako nje na majembe wanasubiri, na ujira wao unahesabika.

Baya kuliko yote ni tenki. Kalihamisha kwa mdomo! Hakuna barua, mchoro haukurekebishwa, mhandisi mshauri hakuulizwa. Bomba lilishalazwa kwa kufuata kimo cha awali, na maji hayapandi kilima eti kwa sababu meneja kabadili mawazo. Tukafukua. Mvua za Novemba zikatukuta mtaro uko wazi, kuta zikaporomoka, mabomba yakaelea kwenye tope. Mkandarasi anadai fidia, na ana haki.

Agile yenyewe haina kosa. Ilani yake iliandikwa Februari 2001 na watu 17 huko Snowbird, Utah, watu wa programu za kompyuta. Programu ikikosewa inarekebishwa jioni hiyohiyo. Zege likishashika linavunjwa kwa nyundo na kwa pesa ya mradi. Na hata hao hawakusema mpango utupwe. Walisema una thamani, ila kuitikia mabadiliko kuna thamani zaidi. Mfumo wetu wa ankara za maji ungeendeshwa hivyo ningeunga mkono.

Sasa huyu mwenye PMP alisoma nini? Mwongozo wa PMI, taasisi inayotoa hiyo PMP, toleo la sita la 2017, una mchakato mzima wa kudhibiti mabadiliko: ombi linaandikwa, athari kwa gharama na muda zinapimwa, mwenye mamlaka anaidhinisha au anakataa. Toleo la saba la 2021 lilikuja na kanuni 12, na mojawapo ni kuchagua mbinu kulingana na mazingira ya mradi. PRINCE2, mbinu ya Waingereza ya kusimamia miradi, nayo inadai hivyo. Vitabu vyote vinamkana.

Kama humu kuna mhandisi aliyewahi kukataa maagizo ya mdomo saiti, aniambie aliandikaje barua yake na nakala alimpelekea nani. Yangu naipeleka Jumatatu.